Twapanga Safari ya Embu na Meru

Wenye nafasi zao, ikikaribia miezi ya Julai na Agosti, hukunjua ramani ya Hispania mezani wakaanza kupanga: siku mbili Qurtuba, siku tatu Gharnata, kisha Ishbilia, na mwisho ufukoni kupunga upepo. Hapa kwetu pwani wako wengi wanaoitamani safari hiyo, kwani majina ya miji hiyo tumeyasikia tangu tulipokuwa chuoni, tukisimuliwa habari za Andalusi. Siwalaumu. Mwenye uwezo na aende, akirudi atusimulie.

Lakini mimi na bibi yangu tumekunjua ramani nyingine. Yetu ina Embu, Kiritiri, Chuka, Meru, Nchiru na Maua. Tumeikunjua na kuikunja mara nyingi mwezi huu, na wanetu wametucheka. Mmoja ameuliza, "Mwaenda Meru kufanya nini? Kununua miraa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Naona wengi wetu pwani twaijua nchi ile kwa jani moja tu. Twajua saa ambayo gari la miraa hufika, twajua kifungu cha leo ni kizuri au kibaya, basi. Watu wanaolima jani hilo hatuwajui, wala hatujui kwamba wao wana habari zetu, tena za zamani sana.

Mimi nchi ile si ngeni kwangu. Katika miaka ya 1980 nilikuwa karani wa serikali mjini Embu, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Bibi yangu alibaki Mombasa na watoto wadogo na mama yangu mzazi, akinitumia barua na samaki wakavu kwa mkono wa wasafiri. Nchi niliyokuwa nikimsimulia kila likizo hajaiona hata leo. Sasa watoto wamekua, mama ametangulia mbele ya haki, na sisi wawili tumebaki na afya. Safari hii ni haki yake.

USIKU SI WAKATI WA NJIA HII

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba hatutapanda basi la usiku moja kwa moja. Watu wa pwani hatujasahau Julai 24, 2022, siku ambayo basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa liliacha barabara penye daraja la mto Nithi likaporomoka bondeni. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Wengine walikuwa wakija huku huku kwetu, kazini na kwa jamaa zao. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa na awape subira waliofiwa.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hupita ubavuni mwa Mlima Kenya. Mlima huo hushusha mito mingi, na kila mto umejichimbia bonde lake. Hivyo barabara hushuka bondeni, huvuka daraja, hupanda tena, hupinda, kisha hushuka bonde la pili. Dereva asiyeijua, au aliyeshikwa na usingizi, au mwenye breki mbovu, hana nafasi ya kukosea. Mchana ni njia nzuri ajabu: upande mmoja msitu na mlima, upande wa pili nchi inateremka mpaka macho yanachoka. Usiku huyaoni hayo, na hatari imebaki pale pale.

Ndiyo sababu tumeikata safari vipande vipande. Siku ya kwanza ni gari la moshi la asubuhi kutoka Miritini hadi Nairobi, reli hii mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 1 baada ya 2016, yaani 2017. Tutalala Nairobi, karibu na msikiti wa Jamia ili sala isitupe shida. Siku ya pili, asubuhi na mapema, tutapanda matatu ya Embu katika stendi za upande wa River Road. Ni mwendo wa kilomita 120 na kidogo, na saa sita mchana In Sha Allah tutakuwa tumefika.

Njiani tutapita Mwea. Bibi yangu amenipa amri kwamba hapo lazima tushuke. Mchele wa pishori tunaopikia pilau na biriani hutoka Mwea, na yeye ameununua miaka arobaini bila kuona shamba lake. Nimemwambia kwamba mifereji ile ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa vita vya Mau Mau, chini ya bunduki za mkoloni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tukifika tuwasomee Fatiha."

HUKUMU YA MSAFIRI NA HESABU YA SIKU

Ndugu msomaji, msafiri Muislamu hupanga safari kwa hesabu mbili: ya fedha na ya sala. Ya fedha kila mtu aijua mwenyewe. Sisi zetu tumezigawa mafungu matatu: nauli, malazi na chakula, na fungu la dharura ambalo halifunguliwi mpaka dharura ije kweli.

Hesabu ya sala ndiyo iliyotupa mpangilio wa vituo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, msafiri wa safari ndefu ya halali hupewa ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na ya kukusanya sala mbili kwa wakati mmoja. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huhesabiwa kuwa mkaazi na ruhusa ile huondoka. Sisi tutalala Embu siku mbili, Chuka siku moja, Meru siku mbili, Maua siku mbili. Kote huko tutabaki wasafiri. Mwenye shaka na mpango wake amuulize shekhe wake kabla hajafunga mzigo.

Kibla nacho hakitusumbui sana. Mombasa na Makka karibu ziko katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Meru iko magharibi kidogo ya mstari huo, kwa hivyo kibla chake ni kaskazini na kuelekea mashariki kidogo tu. Na kwa kuwa Ikweta yenyewe hukata barabara karibu na mji wa Meru, usiku na mchana huko hukaribia kulingana mwaka mzima. Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili na nusu, Januari kama Julai.

Misikiti ipo. Embu kuna msikiti mjini, Meru iko mitaa yenye Waislamu wa miaka mingi, na Maua wako wafanyabiashara wa Kisomali na misikiti yao. Tangu maboma ya serikali yalipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wachuuzi na maaskari Waislamu walikaa kandokando yake, wakaoa, wakazaa. Wajukuu wao wapo mpaka leo, wanasema Kimeru au Kiembu kama wenyeji, kwa sababu ndio wenyeji.

Kuhusu chakula, wachinjaji katika machinjio mengi ya Kenya ni Waislamu kwa desturi ya siku nyingi, lakini kuuliza si ujinga. Pale ambapo moyo hautulii, kuna chapati na ndengu, ambazo sisi twaziita pojo. Kuna nduma, yaani majimbi yetu. Kuna githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kuna mukimo, ambao ni vyakula vya shambani vilivyopondwa pamoja. Mukimo wa kule wakati mwingine huwa na ndizi ndani yake. Wakati wangu mama mmoja aliyeuza chakula karibu na ofisi alijifunza kunitilia nazi kidogo kila niliporudi nayo kutoka likizo. Wenzangu walianza kwa kucheka, wakaishia kuomba.

EMBU: KISA CHA MWENENDEGA NA NTHARA

Embu ni mji mdogo wenye miti mingi, na kabla ya saa tatu asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda, mlima huonekana wote na theluji yake. Urefu wake ni mita 5,199. Mmisionari Krapf, aliyekaa Rabai na kutafsiri vitabu vyake kwa Kiswahili chetu cha Mombasa, aliuona Desemba 1849 akiwa Ukambani, na wasomi wa Ulaya wakakataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa penye Ikweta. Wenyeji hawakuhitaji kubishana. Mlima walikuwa nao.

Karibu na Runyenjes, kaskazini mashariki ya Embu, kuna kichaka cha miti mikubwa ambacho Waembu hukiheshimu. Hapo, kwa masimulizi yao, ndipo Mwenendega alipokutana na Nthara, mwanamke mzuri asiyejulikana alikotoka. Wakaoana, na kizazi chao ndio Waembu. Kila kabila lina Adamu na Hawa wake wa masimulizi, na hawa ni wa Embu. Nimempangia bibi yangu asubuhi moja ya kwenda huko. Nilipomweleza kisa hicho aliuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza miaka yote niliyokaa: "Na huyo Nthara, kwao walimtafuta?"

Siku ya pili ya Embu tutashuka Mbeere, upande wa Kiritiri. Huko nchi hubadilika ghafla. Ubaridi huisha, ardhi hukauka, mibuyu na miiba huanza, na mtu wa pwani hujihisi karibu na kwao. Huko ndiko yaliko mabwawa ya umeme ya mto Tana: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Maji hayo hushuka Garissa, hupita Garsen, na kumwagika baharini Kipini. Mimi mzaliwa wa Amu nimewaona wavuvi wa Kipini wakilalamika Tana ikijaa na wakilalamika ikipungua. Chanzo cha furaha na malalamiko yao kiko huku juu.

JANI LILILOTUGOMBANISHA

Na huko Mbeere ndiko muguka unakotoka. Hapa ndipo bibi yangu alipotia mguu wake chini.

Muguka na miraa ni mti wa jamii moja, lakini muguka huliwa majani yake na bei yake ni ya chini, hata mtoto hupata. Mtaani petu sote twajua nyumba ambazo kijana wa kiume halali usiku na haamki mchana. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa. Kilifi na Taita Taveta nazo zikafuata. Embu ikapiga kelele, viongozi wake wakasema watu wao wanauawa kwa njaa. Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa sheria ya nchi inautambua muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha kabla mwezi haujaisha.

Mimi nilitaka tupite Mbeere kimya kimya, tuone mabwawa, turudi. Nilisema safari ya mapumziko si ya kwenda kugombana na watu mashambani mwao. Yeye akasema, "Sigombani na mtu. Nataka kumuona mwanamke anayechuma. Nataka aniambie ada ya shule ya mwanawe aliitoa wapi, nami nimwambie wa jirani yangu alilala wapi jana. Tukishaambiana, labda mmoja wetu atalala vibaya."

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba katika ubishi ule wa 2024 wakubwa walisema sana, na mahakama ikasema, lakini sikusikia kwamba mama wa Mombasa na mama wa Kiritiri wameketi pamoja. Mbeere mvua ni chache. Mahindi hukauka yakiwa magotini, na muguka hustahimili na kuchumwa mara kwa mara. Mkulima aliyepata mti wa namna hiyo hauachi kwa kuambiwa ni haramu na mtu ambaye hajamwonyesha mti mwingine. Wakati huo huo, mzazi wa Majengo au Kisauni aliyempoteza mwanawe hafarijiki kwa kuambiwa habari za mvua. Yote mawili ni kweli, na hilo ndilo linaloufanya ugomvi huu kuwa mgumu. Basi tumeandika katika mpango wetu: Kiritiri, siku nzima.

CHUKA, MERU NA MIIKO YAO

Chuka tutalala usiku mmoja ili tusiipite njia ya Nithi tukiwa tumechoka. Wachuka walisifika Kenya nzima kwa ngoma. Mpigaji huishika ngoma ndefu katikati ya miguu, akaipiga huku akicheza nayo, na wapigaji wakiwa wengi huonekana kama mwili mmoja. Mwenye kujua misondo na chapuo zetu ataona tofauti na atafurahi. Mbele kidogo ni Chogoria, penye hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1922 na penye njia nzuri ya kupanda mlima. Sisi hatupandi. Magoti yetu yameshapanda ngazi za kutosha.

Meru mjini tutakwenda kwenye jumba la makumbusho, lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni. Boma la Meru lilianzishwa 1908 na Mwingereza Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, kwa kutangatanga kwake. Ni mahali padogo, lakini mtu akitulia ataona jinsi Wameru walivyojenga, walivyofuga nyuki na walivyotibu.

Kisha ni Nchiru, makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Baraza hili lilikuwapo kabla ya Mzungu, likahukumu mashauri ya ardhi, ndoa na damu, na hata leo linasikilizwa. Chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Meru kimejengwa Nchiru katika ardhi iliyotolewa na wazee hao. Lakini kuna mwiko: ndani ya nyumba ya baraza mwanamke haingii. Bibi yangu nimemwambia mapema ili asije akaudhika mlangoni. Alisema, "Nitakaa nje na wake zao. Huko ndiko habari zilipo."

Jambo jingine la kuuliza huko ni gichiaro. Ni undugu wa kiapo baina ya koo na koo. Ndugu wa gichiaro akikuomba kitu, huwezi kumnyima. Huruhusiwi kumdanganya wala kumdhuru, na anayevunja huogopa laana. Sisi pwani tuna utani baina ya makabila, ambao ni wa mdomo na kicheko. Gichiaro ni utani ulioondolewa kicheko.

Na hata miraa yenyewe, Nyambene, kule Maua, si ya kutafuna tu. Kijana akitaka kuposa hupeleka kwa wazee wa msichana kifungu maalumu kilichofungwa vizuri, na kukipokea au kutokipokea ndiko jibu. Miti mingine ni ya mababu na hairuhusiwi kukatwa. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, Maua ilijua siku ile ile. Nataka bibi yangu aione miti hiyo pia, ili jani alichukialo alijue pamoja na heshima linayopewa kwao.

MBWAA

Sasa nimefika kwenye habari ninayotaka kila msomaji wa pwani aijue kabla hajaenda Meru.

Wazee wa Meru husema kwamba asili yao si mlimani. Walikaa kwenye kisiwa kiitwacho Mbwaa, penye maji makubwa yaliyokuwa yakienda na kurudi kila siku. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguu Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Msomaji hahitaji mkalimani kulisikia neno nguo ndani yake. Watu hao waliwafanya watumwa na kuwapa mitihani isiyowezekana. Waliambiwa walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Waliambiwa walete ndama anayekunya kinyesi cheupe. Wakamlisha ndama maziwa matupu. Waliambiwa watoe tunda lililotiwa ndani ya shimo refu bila kulichimbua. Wakatia maji shimoni, tunda likaelea. Mwisho wakatakiwa wafue mkuki unaofika mbinguni. Hapo kiongozi wao, Koomenjwe, akajua kwamba hakuna tena ila kuondoka.

Wakatoka usiku. Walipofika majini, Koomenjwe akayapiga kwa fimbo, yakapasuka, wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka kumekucha wakaitwa Njeru, weupe. Koo za Meru zimegawanyika hivyo mpaka leo. Kisha wakaufuata mto Tana miaka mingi mpaka wakafika chini ya mlima.

Msomaji atasema, hiki ni kisa cha Nabii Musa na Firauni. Wako wataalamu waliosema hivyo pia, kwamba huenda kimechanganyika na mafundisho ya wamisionari. Lakini Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyezunguka kwa wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuandika vitabu juu yao, aliona kwamba chini ya kisa hicho kuna safari ya kweli, akakitafuta kisiwa hicho kwenye ramani. Alikiweka Manda.

Manda! Mimi nimezaliwa Amu. Manda ni ng'ambo ya mkondo tu. Tulivuka kwa mashua kwenda kukata kuni na kutembea katika magofu ya Takwa. Hakuna mzee aliyenisimulia kwamba kuna watu walitoka pale wakikimbia.

Kisa hiki nilikipata Embu, kwa mzee mmoja wa Tigania aliyefanya kazi ofisi moja nami. Tulikuwa tukinywa chai. Alipomaliza aliniuliza Manda iko mbali gani na kwetu. Nikamwambia twaiona kwa macho. Akanitazama kwa muda, akasema, "Basi wewe ndiwe Nguu Ntune." Halafu akacheka, akanijazia kikombe. Alinicheka vile mpaka siku niliyohamishwa, na siku hiyo alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee bibi yangu.

Simulizi yake haithibitishi kila kitu, na walikotoka Wameru bado wataalamu hawajakubaliana. Lakini kwamba pwani yetu ilikuwa na watumwa hakuna wa kubisha. Hapa Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, na wako waliozaliwa na watu waliouona. Dini yetu imeufanya ukombozi wa mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi. Hatuna sababu ya kuogopa kusikia upande wa pili ukisimulia.

Nilimuuliza bibi yangu tutasema nini mzee wa Nchiru akitusimulia Mbwaa na kutuuliza kwetu ni wapi. Alifikiri. Akasema, "Tutamwambia Amu. Hatutasema Mombasa ili tuonekane wa mbali. Na akisimulia, wewe usimkatize kwa habari za wataalamu. Mtu akikupa habari ya babu yake, huijibu. Waipokea."

VITU VYA KUFUNGASHA

Kituo cha mwisho ni mbuga ya Meru, chini ya Maua, penye mito mingi na kaburi la Elsa, simba jike aliyelelewa na akina Adamson na kufa Januari 1961. Simba huyo alijulikana dunia nzima kwa kitabu na filamu. Mwaka 1988 majangili waliua vifaru weupe wa mbuga hiyo, na watalii wakakimbia miaka mingi. Leo vifaru wamerudishwa na wanalindwa ndani ya eneo lenye uzio. Malipo ya kuingia hufanywa kwa mtandao wa serikali wala hayapokelewi kwa mkono, kwa hivyo msomaji asifike langoni na noti peke yake. Mpaka wa kusini wa mbuga hiyo ni Tana.

Kwa anayetaka kufuata njia yetu, wakati mzuri ni Januari na Februari, mlima ukiwa wazi, au Agosti na Septemba kama sisi. Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba mvua ni nyingi na barabara za mashambani hutelezesha. Chukua sweta na soksi nene, hata kama wenzako wa Mombasa watakucheka. Chukua mswala na kandambili za udhu. Tafuta malazi yasiyo na kilabu chini, uliza kabla hujalipa. Jifunze kuamkia: ukiambiwa "Muga" huko Meru, jibu ni lile lile.

Na usiende mikono mitupu. Bibi yangu ameshaandika orodha ya zawadi: halua ya Mombasa, tende, na kanga doti sita. Nilimuuliza kanga hizo zote ni za nani, maana jamaa tunaowajua huko hawafiki watatu. Akasema mbili ni za wake wa wazee wa Nchiru watakaokaa naye nje, moja ni ya mama muuza chakula wa Embu ikiwa yu hai, mbili ni za akiba, na moja ni ya yule mwanamke wa Kiritiri ambaye bado hajamjua. Hiyo ya mwisho ameichagua mwenyewe dukani, akazisoma jina zote mpaka akapata isiyo na kijembe.